Paka walevi na mbilikimo wasio na meza

Mwishoni mwa mwaka 2015 paka walianza kufa katika ngome za mbilikimo. Hapakuwa na vita wala tauni. Wachezaji waliwakuta sakafuni katikati ya matapishi, wakafungua taarifa zao na kusoma kwamba wanyama hao walikuwa wamelewa. Tarn Adams, Mmarekani aliyeandika programu ya mchezo huo, ikabidi afanye upelelezi. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameongeza vilabu vya pombe. Mbilikimo wakinywa humwaga, pombe ikatuama sakafuni, paka akapita na kuikanyaga. Paka naye alishafundishwa zamani kujisafisha kwa ulimi, basi akakaa pembeni kulamba nyayo. Kosa lilikuwa kwenye hesabu: kila alipolamba, programu ilimhesabia kikombe kizima. Kwa mwili wa paka hicho ni kifo.

Hakuna mtunzi aliyekaa na kukibuni kisa hicho. Pombe iliwekwa kwa sababu zake, nyayo kwa sababu zake, ulimi wa paka kwa sababu zake, na siku moja vyote vikakutana sakafuni mwa kilabu. Mchezo wenyewe unaitwa Dwarf Fortress, na kwa miaka karibu ishirini umekuwa shamba la waandishi: watu wanaocheza usiku, kisha wakaandika hadithi za maisha ya wakazi wao. Makala haya yanawahusu hao, na ufundi wao, ambao nadhani una la kutufunza sisi tunaoandika hadithi kwa Kiswahili hata kama hatujawahi kugusa gemu.

Tarn na kaka yake Zach walianza kuutengeneza mchezo huu mwaka 2002, wakautoa bure kwa umma Agosti 2006. Tarn alikuwa na shahada ya uzamivu ya hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, akaacha kazi ya chuoni ili ashughulike na mbilikimo. Waliishi kwa michango ya wachezaji kwa miaka zaidi ya 15. Aliyechanga aliweza kutumiwa hadithi fupi, au mchoro wa kalamu za rangi kama wa mtoto wa chekechea, kuwa shukrani. Kisha Zach akapata saratani ya ngozi, na gharama za matibabu za Marekani zikawatia ndugu hao hofu. Ndipo walipokubali kuuza toleo lenye picha. Liliingia sokoni tarehe 6 Desemba 2022 kupitia kampuni ya Kitfox Games, na katika muda wa mwezi mmoja hivi zikanunuliwa nakala zipatazo laki tano. Kabla ya hapo kioo kilikuwa kimejaa herufi: uso mdogo unaotabasamu ni mbilikimo, c ni paka, E ni tembo. Hivyohivyo ulivyokuwa, mwaka 2012 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliuweka kati ya magemu 14 ya mwanzo kuingizwa katika hazina yake.

Kabla hujacheza, kompyuta huumba dunia: milima, mito, mvua, falme, na mamia ya miaka ya historia ambayo ndani yake watu wenye majina huzaliwa, huoana, hupigana na kufa. Baada ya hapo unatuma mbilikimo saba na mkokoteni mmoja wakaanzishe makazi mlimani. Hawa ni mbilikimo wa ngano za Ulaya ya Kaskazini, wafupi wenye ndevu, wachimbaji na wahunzi. Mwaka wao una miezi 12 ya siku 28, yaani siku 336. Humshiki mkazi mkono ukamwendesha. Unaweka alama kwamba hapa pachimbwe, pale pawe jiko, kisha unangoja uone nani atajitokeza na nani amelala. Kila mmoja ana hulka yake. Yupo anayependa ng'ombe kwa sababu ya mlio wao wa majonzi. Yupo asiyetaka watu. Wote wakikosa pombe hufanya kazi kwa kujikokota. Paka ndiye anayemchagua bwana wake, si bwana kumchagua paka, na akishachagua hachinjwi tena, hata njaa iwe kali namna gani.

Mchezo hauna ushindi. Ngome zote mwisho wake huanguka, na wenyewe wana msemo kwamba kushindwa ndiko raha.

Bila ya meza

Jambo linalomfaa mwandishi kuliko yote ni kumbukumbu. Dwarf Fortress huandika kila mkazi amehisi nini na kwa nini. Amekula bila meza. Amenyeshewa mvua. Ameona aibu kwa kuvaa nguo kuukuu. Amefurahishwa na mlango uliotengenezwa vizuri. Ameona maiti. Amezungumza na rafiki. Mistari hiyo huja mamia kwa mamia, na mingi haina maana yoyote kwa mtu anayetaka kushinda. Kwa mwandishi ndiyo mali.

Wanaoandika kutoka kwenye mchezo huu wako makundi mawili. Wa kwanza hutunga tenzi za vita: vibwengo wamekuja, lango limefungwa, shujaa amekata vichwa, joka limeshuka. Wa pili huandika mpishi, mwashi, mama anayenyonyesha huku amebeba upinde, mzee ambaye kazi yake ni kubeba mawe. Mimi husoma wa pili. Vita vya dunia za kubuni vinafanana mno, na ukishasoma kumi umesoma vyote. Joka la huyu ni joka la yule. Lakini mtu aliyekosa meza siku ya msiba hafanani na mwingine, kwa kuwa ili aikose ilibidi kwanza ngome iwe na seremala mvivu au wageni wengi au msiba mkubwa, na kila sababu inafungua mlango wa hadithi nyingine.

Tuchukue mistari mitatu. Kumbukumbu inasema mwashi ameona maiti ya mwenzake. Mwashi amefurahishwa na mlango mzuri. Mwashi amekula bila meza. Mwandishi mvivu ataihamisha kama ilivyo, ataongeza viunganishi, ataiita hadithi. Mwandishi makini atakwama kwenye mstari wa pili. Inakuwaje mtu aliyemwona rafiki yake amelala maiti asubuhi, jioni asifie mlango? Kompyuta haijui. Kwake hayo ni matukio mawili, moja limepunguza furaha na jingine limeiongeza, hesabu imefungwa. Jibu lazima litoke kwa mtunzi. Tuseme marehemu ndiye aliyeutengeneza mlango ule. Basi twende, na mwashi tumwite Urist, jina walilolichoka wachezaji wote kwa sababu ndilo fulani bin fulani wao:

Baada ya mazishi Urist alipita mlango wa ghala mara mbili, na hakuwa na haja ya kitu ghalani. Mara ya tatu mpishi akamwuliza anatafuta nini.

"Bawaba haina kelele," Urist akasema.

"Ilikuwa nayo?"

"Mwezi uliopita. Alisema ataitia mafuta."

Mpishi akamsogezea bakuli la uyoga. Meza zilikuwa zimejaa waombolezaji, basi akala wima, mgongo ameuegemeza pale mlangoni.

Mistari yote mitatu imo: maiti, mlango, meza. Hakuna neno furaha wala huzuni, na sikuhitaji kibwengo hata mmoja. Sidai ni kazi ya kutukuka. Nimeiweka ili ionekane kazi inagawanywaje. Mashine imeleta yaliyotokea. Mtunzi ameleta sababu, na amechagua nini akiache. Katika siku hiyohiyo ya Urist kungekuwa na mistari mingine ishirini, kuhusu mvua na kiatu na wimbo aliousikia, na yote ikabidi ikae nje.

Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wamepewa dunia inayohesabu kila kitu, wanadhani ni haki yao kutuhesabia na sisi. Ukisoma kwamba ujuzi wa Urist katika uashi ulipanda daraja moja, tayari umetolewa nyumbani kwake na kurudishwa mbele ya kioo. Mwashi hajui kwamba ana daraja. Anajua kwamba mwaka jana jiwe la namna hii lilimpasukia, na leo halikupasuka. Ndivyo ilivyo pia kwa kanuni za mchezo: mwandishi anayesimamisha hadithi ili aeleze kwamba mbilikimo wakikosa pombe hupungua kasi, amepoteza nafasi ya kutuonyesha fundi aliyeinua nyundo, akaitazama, akaiweka chini.

Amri zinatoka wapi?

Lipo swali gumu zaidi ambalo kila anayeandika ndani ya gemu hukutana nalo. Wakazi wanachimba kwa sababu mchezaji ameweka alama. Kwao mchezaji ni nani? Wapo wanaomfanya mungu, wapo wanaomsahau kabisa. Njia iliyozaa hadithi nyingi ni ya tatu: mchezaji anageuka mmoja wa wakazi, kiongozi wa ngome, mwenye mwili, usingizi na maadui.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Boatmurdered, ngome iliyochezwa na kusimuliwa na kundi la wachezaji kati ya mwaka 2006 na 2007. Kila mmoja alitawala mwaka mmoja wa mchezo, akaandika taarifa ya utawala wake, kisha akamkabidhi faili anayefuata. Katika michezo ya kupokezana namna hii kiongozi mpya hukuta vyumba visivyo na kazi, maiti zisizozikwa, na vishikio ukutani ambavyo hakuna anayejua vinafungua nini. Jambo la kwanza analoliandika ni kumlaumu aliyemtangulia. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa kipengele hicho.

Maadui wakubwa wa Boatmurdered walikuwa tembo. Katika toleo lile tembo waliandikiwa ukali uliopitiliza, wakawa wanaua wakazi waliotoka nje. Wachongaji wa mchezo huu huchora kutani matukio ya historia ya ngome yao, na kwa kuwa historia ya pale ilijaa tembo, kuta nazo zikajaa tembo wakiwaponda mbilikimo. Viongozi walijibu kwa kujenga mfumo wa kumwaga lava nje ya lango. Mwisho wake ulikuwa moto, wendawazimu na watu kuuana wao kwa wao. Wazungu wanaisoma kama kichekesho, na kweli inachekesha. Nadhani msomaji wa Taveta, au wa kijiji kinachopakana na Serengeti, atacheka kwa kuchelewa kidogo, maana yeye anamjua mnyama huyo akiwa shambani saa nane ya usiku. Nikiri kwamba ningependa kuisoma ngome ile ikiandikwa na mtu wa huko, kutoka machoni mwa anayekesha kulinda mahindi.

Na mazishi. Mbilikimo akifa bila kuzikwa, na bila jiwe lenye jina lake, hurudi kuwa mzuka na kusumbua walio hai. Ikiwa maiti imechukuliwa na mto au imeteketea, jiwe peke yake linatosha kumtuliza. Kanuni hiyo inawapa waandishi mhusika ambaye sijamwona sana kwingineko: mchonga mawe ya watu wasiopatikana. Anakaa karakanani, analetewa jina, anachonga. Kwa wenye mkoba wa falsafa ni kazi kubwa sana. Kwa mwandishi mzuri ni mtu ambaye vumbi limemwingia kwenye chai na bado amebakiza majina manne kabla ya jioni.

Hadithi kwanza, gemu baadaye

Nyumbani kwa akina Adams mambo huenda kinyume na tulivyozoea. Zach huandika hadithi fupi kwa jina la kalamu la ThreeToe. Tarn huzichukua, akazichambua hatua kwa hatua na kuuliza mchezo ungehitaji nini ili kisa cha namna ile kiweze kutokea chenyewe bila kuandikwa. Tuseme katika hadithi kuna mtu aliyeficha jina lake. Je, katika mchezo mtu anaweza kuwa na majina mawili, na mwingine akaamini lile la uongo? Kama haiwezekani, hiyo ni kazi ya miezi ijayo. Hadithi na uchambuzi wake wamevichapisha pamoja, na kuvisoma sambamba ni darasa la utunzi ambalo sijaliona vitabuni. Maana swali la Tarn ni lile ambalo mhariri mkali humwuliza mwandishi: haya yanawezekanaje? Mhusika wako alijuaje? Nani alimwona? Alikula wapi njiani siku tatu zote hizo?

Mabadiliko yaliyoleta vilabu mwaka 2015 na kuwalevya paka yalileta pia ushairi. Tangu wakati huo kila dunia hujitungia bahari zake za mashairi, mitindo ya muziki na ngoma. Ukifungua maelezo unaambiwa shairi lina beti kadhaa, kila ubeti mistari kadhaa, mapigo yakae hivi, lengo lake ni kusifu au kuomboleza au kukumbuka jambo fulani. Unaambiwa nani alilitunga na ni nani wanaolijua kwa moyo. Maneno ya shairi lenyewe hayapo. Hakuna hata neno moja. Kompyuta imejenga nyumba ikaweka milango na madirisha, ikaondoka.

Wengi huruka ukurasa huo. Kwa mtu aliyelelewa katika vina na mizani, huo ni mwaliko wa wazi. Mtunzi wa Lamu au Pemba anapewa bahari ngeni ambayo hakuna aliyewahi kuiimba, anapewa mtunzi mwenye jina, anapewa tukio, kwa mfano mafuriko yaliyoua watu mwaka wa 83 wa dunia ile, na anaambiwa: haya, andika. Wapo mabingwa wetu wanaolalamika kwamba vijana wamezikimbia kanuni za ushairi kwa sababu ya simu. Hii ni simu, au ndugu yake, inayowarudishia kanuni mikononi.

Ladha ya chakula Akihabara

Wajapani walifika kwenye habari ya chakula kwa njia yao. Mamare Touno alianza kuchapisha Log Horizon mwaka 2010, hadithi ya maelfu ya wachezaji wanaojikuta wamenaswa ndani ya gemu la kifantasia liitwalo Elder Tale, na mwaka 2013 shirika la utangazaji la NHK likaionyesha kama katuni. Tofauti na mbilikimo wetu, hawa wanajua fika kwamba waliko ni mchezoni. Wanakufa na kufufuka. Hawakosi chakula, kwa sababu kinatengenezwa kwa kubonyeza orodha. Tatizo lao ni kwamba chakula hicho, kiwe samaki au keki, kina ladha moja ya biskuti ya mchele iliyolainika kwa unyevu. Wanakata tamaa, na mji wao wa Akihabara unaanza kuoza kwa uonevu.

Kisha mpishi mmoja anagundua kwamba akiacha orodha akaokota kisu, akakata nyama kwa mkono na kuipika motoni, ladha inarudi. Shiroe, mhusika mkuu, hakimbilii upanga. Anawasaidia watu wa chama kidogo kuuza baga zenye ladha, foleni inazunguka mtaa, na fedha na siri hiyo vinakuwa nguvu yake ya kuwakalisha wakubwa wa mji meza moja na kuunda baraza la uongozi. Serikali inazaliwa kutoka kwenye jiko. Nimesoma riwaya za kisiasa zenye kurasa nyingi kuliko hiyo ambazo hazikunishawishi hata nusu yake.

Kabla ya yote haya alikuwapo Will Wright, mbunifu wa magemu, ambaye nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991. Alipokuwa akianza upya alijikuta akifikiria vitu vya nyumbani: nini unakinunua kwanza, nini hukikumbuki. Mwaka 2000 likatoka The Sims, gemu lake ambalo watu wake hawana vita wala joka, wana choo, kitanda na majirani. Mwaka 2009 Robin Burkinshaw, aliyekuwa akisomea utengenezaji wa magemu Uingereza, alichukua toleo la tatu, akaunda baba mwenye roho mbaya na binti mwenye moyo mwema, akawaweka kwenye uwanja uliofanana na bustani iliyotelekezwa, bila nyumba wala fedha, akaandika alichokiona. Hadithi hiyo, Alice and Kev, ilisomwa na watu wengi mno. Haina fantasia, na kwa hiyo naipita haraka, ila ina jambo moja la kujifunza: Alice analala kwenye benchi, na Burkinshaw anaacha benchi lifanye kazi yake bila kutuhubiria kuhusu umaskini.

Kwetu je? Nchi za kubuni si ngeni katika Kiswahili. Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi inayoelea angani, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, na kizazi baada ya kizazi kimeisoma darasani. Tunamkumbuka Karama kizimbani, tunaukumbuka ubaya wa Majivuno, tunawakumbuka wajumbe waliotumwa pande zote. Chakula cha mchana cha askari wa gereza la Kusadikika hatukijui. Shaaban Robert hakukihitaji, kwa sababu alikuwa anaandika mfano kuhusu dhuluma ya watawala, na mfano ukijazwa masufuria unapoteza makali. Ninachosema ni kwamba njia hiyo ya mfano tumeipita sana, mpaka nchi yoyote ya kubuni ikitajwa kwa Kiswahili msomaji anaanza kutafuta nani ni rais gani. Nchi ya kubuni ambayo ni nchi tu, ambamo bei ya unga imepanda na mtu ana jino bovu, bado tunaidai.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu asiandike maisha ya kila siku ya Manzese au Kisauni akaachana na mbilikimo. Aandike, na wengi wanaandika vizuri. Tofauti iko kwenye mamlaka. Nikiandika Manzese, kila kitu ninachotaka kitokee kitatokea, na ndiyo maana wahusika wetu wengi ni vikaragosi: mwema anajaliwa, mwovu anapata ajali ya gari ukurasa wa mwisho. Dunia ya gemu haimsikilizi mwandishi. Umempenda mpishi wako kwa sura tatu, umemwandalia harusi, na kesho yake anateleza mtoni akiwa ameshika ndoo. Huwezi kumfufua bila kudanganya wasomaji wanaofuatilia mchezo huohuo. Unalazimika kuandika mjane, na jiko lisilo na mpishi, na nani atapika usiku ule. Ubishi huo wa dunia dhidi ya mtunzi ni zoezi ambalo kozi nyingi za uandishi haziwezi kulitoa.

Lina hatari yake, sikatai. Anayeuzoea ubishi huo anaweza kuwa mtumwa wake, akaandika kila kilichotokea kwa sababu tu kilitokea. Bahati nasibu inaua mtu leo, kesho inaua mwingine, na msomaji anaacha kujali. Boatmurdered yenyewe, pamoja na sifa zake, ina miaka inayochosha kwa ajili hiyo: vifo vingi, nyuso chache. Ukiniuliza, taarifa moja ya mtu aliyekosa meza inazidi vifo arobaini vya namna ile.

Anayetaka kujaribu hana gharama ya kuanzia zaidi ya kompyuta na uvumilivu. Toleo la herufi, lisilo na picha za kununua, bado linatolewa bure na Bay 12 Games, kampuni ya ndugu wawili hao, na likishapakuliwa halihitaji intaneti. Lugha yake ni Kiingereza, na siku za mwanzo zitakukera. Tuma mbilikimo saba, usijali kushinda. Mchague mmoja ambaye si kiongozi wala askari, usome kumbukumbu zake za msimu mmoja, kisha funga kompyuta na uandike kurasa mbili kuhusu jioni yake moja. Usitaje namba. Usitaje kwamba ni gemu. Na wahariri wa kurasa za hadithi fupi katika magazeti yetu, zikifika mezani kwenu msizirudishe kwa sababu tu mhusika wake ana ndevu hadi magotini na anaishi chini ya mlima.